Kisu cha Siku Tatu

Mara ya kwanza Verlin Hoke aliponikatalia nilikuwa na miaka hamsini na nne, na kosa langu lilikuwa inchi nne za upindo wa sketi. Upande wa ndani! Nguo nzima nilikuwa nimeishona kwa mkono, majira yote ya baridi, vidole vikatoboka, halafu siku ya mwisho subira ikaniishia na upindo ule nikaupitisha kwenye cherehani. Nani angeona? Verlin aliona. Alipiga goti kwenye nyasi na lenzi yake, akaufunua upindo kwa ncha ya penseli, akainuka akasema, "Mama Brubaker, mwaka 1777 cherehani ilikuwa bado haijazaliwa." Nikabaki kando ya barabara nikiwatazama wenzangu wakiondoka kwa ngoma na bendera, nami nimeshika kikapu cha mikate na sina wa kula naye.

Matembezi yale hufanyika mara moja kila miaka kumi. Maili thelathini, siku tatu, kutoka ghala la akina Stoltz mpaka kivukoni, njia ileile waliyopita wanamgambo wa wilaya yetu Oktoba ya 1777. Hakuna simu, hakuna saa ya mkononi, hakuna koti la mvua. Unavaa walichovaa, unakula walichokula, unalala walipolala, na kabla hujakanyaga barabara kila ulichobeba kinapita mezani kwa mkaguzi. Sisi watu wa kuigiza mambo ya kale tuna maonyesho chungu nzima kila mwaka, watoto wanapigwa picha wamekalia mizinga, lakini hayo ni ya kujifurahisha tu. Matembezi ndiyo yenyewe. Na safari hii nilikuwa na miaka sitini na nne, pamoja na goti la kushoto ambalo daktari ameshalitolea hotuba. Miaka kumi mingine goti hilo litakuwa limeniaga. Sikujidanganya: ilikuwa safari hii au basi.

Kwa hiyo nilijiandaa kwelikweli. Ningetembea kama mfua nguo wa kikosi, maana jeshi lile lilikuwa na wanawake wake na mashati hayakujifua yenyewe. Sketi nilishona upya, kila mshono kwa mkono wangu. Viatu vilitoka kwa fundi wa huko Ohio anayetumia vigingi vya mti badala ya misumari. Sabuni nilipika mwenyewe kwa majivu na mafuta ya nguruwe, nyumba ikanuka wiki nzima. Kilichobaki kilikuwa kisu.

Na kisu ndiyo kazi yangu. Miaka thelathini na moja nilitengeneza mabasi ya shule ya wilaya. Nilipostaafu mikono ilikataa kukaa bure, nikaanza kutengeneza visu vya kukunja vya kizamani kwa ajili ya wenzangu. Si hivi vya dukani vyenye kitufe na kufuli. Mtu wa 1777 alikuwa na kitu rahisi mfukoni: bapa moja la chuma kinachoshika kutu, springi mgongoni, mpini wa mfupa wa ng'ombe uliopinda mwishoni kama kitako cha bastola, misumari ya chuma. Ukikifunga kinalia tak! Nikiusikia mlio ule moyo unaniruka, na sioni aibu kusema.

Lakini kila kisu nilichomtengenezea mtu, nilikiua kwanza kabla ya kumpa. Hiyo ilikuwa sheria ya Verlin. Pale mezani pake kulikaa kisanduku cha mti, na ndani ya kisanduku, juu ya kitambaa cheusi, kisu halisi cha enzi zile. Kilikuwa cha babu wa babu zake, kilikutwa ndani ya kasha nyumbani kwao. Kimefungwa, kimeganda kwa kutu, rangi ya udongo. Kisu chako kinawekwa ubavuni pake. Kikifanana rangi, umepita. Kisipofanana, hutembei, maana asiye na kisu kilichokubaliwa haondoki. Basi sote tukawa mabingwa wa kuzeesha. Tulipeana mapishi: siki na chumvi, haradali inayopakwa kwa kidole ili iache madoa, kahawa nzito. Verlin mwenyewe aliwahi kukizika chake ndani ya samadi ya farasi tangu Novemba mpaka Machi, na habari za samadi hiyo tulizisikia kila tulipokutana kwenye chai ya asubuhi pale kituo cha zimamoto, yeye ameinua soseji kwenye uma, sisi tunaangalia sahani.

Mwezi wa pili mwaka ule nilimaliza kukisugua cha kwangu. Wiki tatu kwa mkono, tupa, kisha jiwe, kisha ngozi. Nikakipeleka dirishani nikaliona jicho langu ndani ya bapa, na unyusi wake, na mvi moja kwenye unyusi. Bakuli la siki lilikuwa tayari pale mezani. Nikawaza: huyu mfua nguo ninayemuigiza kakinunua kisu chake lini? Tuseme Agosti, kwa mchuuzi aliyepita mlangoni. Oktoba kina miezi miwili. Angekichovya kwenye siki? Angemchapa aliyethubutu! Sisi sote tulikuwa tunatembea mwaka 1777 tukiwa na visu vyenye umri wa karne mbili na nusu, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nikaimwaga siki kwenye sinki, nikacheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje.

Asubuhi ya ukaguzi foleni ilifika nje ya ghala. Watu sitini, makoti ya sufu, pumzi zinatoka na moshi kwa baridi. Ngoma ingelia saa sita mchana. Mbele yangu alikuwa Nadine Zook, jirani yangu na mpishi wa kikosi, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alishapita, lakini alikataa kuondoka.

"Shoga, nipo hapa mpaka nione sketi yako inashinda," alisema.

"Upindo," akasema Verlin bila kuinua kichwa.

"Upindo karibu!" Nikauinua mpaka gotini. "Tazama mpaka ushibe, bwana Verlin. Nimekusubirisha miaka kumi."

Foleni ikacheka. Verlin hakucheka, lakini masikio yalimbadilika rangi. Ni mtu mrefu, mwembamba, alifundisha hesabu shule ya sekondari, na ukweli nisimnyime: hajawahi kumpendelea mtu. Mkwe wake mwenyewe alimrudisha kwa ajili ya soksi. Akapitia sketi na lenzi yake, mshono kwa mshono. Akatia tiki. Viatu, tiki. Kofia, kikombe cha bati, blanketi, tiki, tiki, tiki. Aliinusa sabuni akajuta, akatia tiki.

Nikampa kisu.

Alikipindua mkononi. Akapitisha kidole gumba juu ya mfupa, akahesabu misumari. Akakifungua, akakifunga. Tak! Nikaona midomo yake inataka kutabasamu, akaizuia. Kisha akakifungua tena, na jua lililoingia kwa mlango wa ghala likagonga bapa na kumrukia machoni.

"Hiki ni nini?"

"Kisu."

"Naona ni kisu. Kinang'aa."

"Asante."

"Sikukusifu, Leota." Akakiweka kando ya kisanduku. Chake rangi ya udongo, changu cheupe kabisa. "Hakifanani."

"Hakiwezi kufanana. Kipya hicho. Nimekinunua Agosti."

"Agosti ipi?"

"Ya 1777! Wewe tupo mwaka gani?"

Nyuma yangu wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipoharibu. Verlin anavumilia kubishiwa, havumilii kuchekwa. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Ufundi wake ni mzuri kuliko kisu chochote kilichopita hapa leo," alisema. "Nakwambia kweli. Lakini nina watu sitini, na kila mmoja nimempima kwa kisu hiki kimoja. Nikupitishe wewe kwa sababu unanichekesha? Hao wengine niwaambie nini? Una mpaka ngoma ya saa sita. Kirudishe kikiwa na rangi, utatembea."

"Nisipokirudisha na rangi?"

"Basi hutembei."

Nilitoka nje masikio yakinivuma. Nadine akanifuata mpaka kwenye moto wake wa kupikia, akanikalisha juu ya gogo, akanisukumia kikombe mkononi. Nilidhani ni chai. Ilikuwa siki.

"Chovya."

"Sichovyi."

"Wee Leota! Dakika tano! Chovya, kipake haradali kidogo, nenda kamwonyeshe huyo mzee samadi, twende zetu. Ukifika nyumbani utakisugua tena."

"Wiki tatu, Nadine."

"Na ile miaka kumi je?" Akainama, akashusha sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. "Mimi safari ile nilitembea nikikufikiria wewe kule barabarani na mikate yako. Nilitembea vibaya. Usinifanyie hivyo tena, tafadhali."

Hilo lilinichoma. Nikakifungua kisu, nikakishika juu ya kikombe, ncha ikigusa siki. Goti lilikuwa linaniuma kwa baridi. Nikajiambia, kisu ni kisu tu, mama, usijifanye shujaa. Nikaangalia ndani ya ghala mara moja ya mwisho, nikamwona Verlin akimpima mtu mwingine, kisanduku kiko wazi, na kile kisu cha babu yake kimelala kwenye kitambaa chake.

Kimefungwa.

Nikaitoa ncha kwenye siki, nikaifuta haraka kwa aproni yangu, nikasimama kwa kishindo mpaka kikombe kikamwagika miguuni mwa Nadine.

"Bolti!" nilisema.

"Mungu wangu, kaanza kuchanganyikiwa."

"Nadine, bolti ya basi! Imekaa miaka ishirini chini ya basi, chumvi ya barabarani, maji, tope, imekuwa kipande cha kutu. Unaibembeleza nusu siku mpaka inatoka. Unakuta nini katikati, pale ilipobanwa?"

"Mimi nitajuaje? Mimi napika."

"Inang'aa! Kila mara inang'aa, kama ilivyotoka kiwandani!"

Nilirudi ghalani nusu nikikimbia, goti na lisubiri. Ukutani nyuma ya meza ya Verlin kuna karatasi yenye kanuni zake, kaziandika mwenyewe kwa wino na unyoya. Ya saba inasema: anayebisha alete ushahidi, na kitu halisi cha enzi zile kinashinda neno la mtu yeyote, mkaguzi akiwemo. Nikaweka kidole juu ya ile ya saba.

"Nabisha," nilisema. "Na ushahidi wangu uko ndani ya kisanduku chako."

Verlin akakitazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Ushahidi upo wazi, Leota. Kila mtu anauona."

"Anaona nje. Miaka yote tunapima kwa nje. Wewe umeshawahi kuliona bapa lake?"

Akashika ukingo wa kisanduku.

"Verlin. Umeliona?"

"Baba yangu alinikanya nisikifungue."

"Alikukanya, au aliogopa?"

"Aliogopa," alisema. "Na babu aliogopa. Na mimi naogopa. Springi ya miaka ile ikikatika, nani atairudisha?"

Sikutarajia jibu la namna hiyo, na ghafla sikuwa na hamu ya kumchekesha mtu yeyote. Nikatoa kadi yangu ya uanachama kwenye mfuko wa kiunoni, nikaiweka mezani. Kadi haikuwa ya 1777, lakini hakunikagua.

"Nitakifungua mimi," nilisema. "Nimefungua vilivyoganda maisha yangu yote. Kikivunjika, hiyo kadi ichane. Sitakuja tena kwenye meza yako, si leo, si baada ya miaka kumi. Kikifunguka, tutatazama pamoja kilichomo, na kanuni ya saba ifanye kazi yake."

Macho ya watu sitini yalikuwa juu yake. Angeweza kusema hapana. Kisu ni chake, cha ukoo wake. Lakini kanuni aliiandika kwa mkono wake, na sijawahi kuona mtu anayeteswa hivyo na mwandiko wake mwenyewe.

"Fanya," alisema. "Ila mimi nakaa hapahapa."

Nilikimbilia gari langu nikarudi na kopo la mafuta ya kulegeza kutu. Kelele zikaanza: "Kopo! Kopo la plastiki ghalani!" Verlin akawanyamazisha kwa mkono. "Kisu hakitembei leo," alisema. "Kinatibiwa." Nadine alileta sufuria ya maji ya moto na vitambaa bila kuulizwa.

Matone mawili kwenye kiungo, kitambaa cha moto, nikahesabu mia mbili. Tena. Tena. Bolti iliyoganda huilazimishi, unaibembeleza mpaka ione aibu. Nilikuwa nimechonga kipande chembamba cha mfupa, nikakiingiza chini ya mgongo wa bapa, nikasukuma kidogo sana, nikaachia. Hakuna kitu. Mafuta. Kitambaa. Foleni ilikuwa imeshavunjika, watu wamepanda juu ya marobota ya nyasi ili waone. Mtu fulani akakohoa, Nadine akamgeukia: "Hebu kohoa nje!" Mikono yangu ilikuwa imetulia tuli.

Karibu saa tano kisu kikasema krr.

Verlin akanishika bega. Sidhani kama alijua kwamba amenishika.

"Limesogea," alinong'ona.

"Limesogea."

"Usiongeze nguvu."

"Verlin, ukinifundisha kazi nitakuumiza."

Mafuta tena, na kitambaa, na mfupa. Upana wa uzi, kisha upana wa kucha. Nikasikia springi ikianza kubeba uzito, iko hai, ile springi baada ya miaka yote hiyo ilikuwa hai! Nikambana Verlin kwa kiwiko asogee, nikashika bapa kwa kitambaa na vidole viwili, nikavuta. Likaja. Likaja polepole, likilalamika, likafika nusu, likapita nusu, na springi ikalidaka yenyewe: tak.

Mlio uleule. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilichosema, Nadine anasema hakifai kurudiwa.

Ncha ilikuwa imeliwa na kutu, siwezi kudanganya. Lakini kuanzia katikati mpaka shingoni bapa lilikuwa limefunikwa na kitu cha manjano, kigumu. Nikakikwaruza kwa ukucha. Mafuta ya mnyama. Mtu alikipaka kisu chake mafuta, akakifunga, akakiweka kwenye kasha, na hakuna aliyekifungua tena. Nikachukua kitambaa cha moto nikayafuta, mara moja tu, nikampa Verlin awe wa kwanza kutazama.

Alikisogeza mlangoni kwenye mwanga. Niliona doa la jua likimrukia shavuni, kama lile la kisu changu lilivyomrukia machoni.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya mtu ambaye hajui kama watu wanamsikia, "Naliona jicho langu."

Ghala zima lililipuka. Kofia juu, mtu akaanza kuipiga ngoma kabla ya wakati akakemewa. Nadine alikuwa analia na kunipiga mgongoni kwa pamoja. Verlin alirudi mezani, akakiweka kisu cha babu yake kikiwa wazi kando ya changu. Vyeupe vyote viwili. Akatia tiki, akaikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika.

"Mama Brubaker amepita," alitangaza. Kisha akageukia umati. "Ninyi wengine wote mmeanguka."

Mtasema anatania. Hatanii yule. Nusu saa kabla ya ngoma watu sitini walikuwa wamechuchumaa nje ya ghala wakisaga matofali kwa mawe, unga wa tofali na mafuta, wanasugua visu vyao kwa matambara, wanaapa, wanacheka, wananiita majina. "Leota, Mungu anakuona!" Nilizunguka katikati yao nikiwaonyesha namna ya kushika, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Visu vilianza kutoa macho, kimoja hapa, kimoja pale. Vingi vilikuwa vyangu. Ilikuwa kama kuwaona watoto wameoga.

Kimoja kilikataa. Verlin alikuwa amekaa peke yake juu ya robota, anasugua kisu chake cha samadi, na tofali linaingia na kutoka bila faida. Miezi ile mitano ilikuwa imekitafuna mashimo. Aliacha kusugua. Akatoa karatasi ya majina, akatafuta jina lake, akaweka mstari juu yake, akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Unafanya nini wewe?" nilimuuliza.

"Kisu changu hakifai. Cha babu ni kitu halisi, hakiruhusiwi barabarani. Asiye na kisu haondoki." Alisema kwa utulivu kabisa. "Nenda, Leota. Umefanya kazi nzuri."

Nilimtazama. Mtu huyu aliniacha barabarani miaka kumi iliyopita, na nilishawahi kuwaza, tena mara nyingi, jinsi ingekuwa tamu kumwona yeye amesimama pale. Basi nilikuwa namwona, na utamu wenyewe sikuuona.

"Daftari la yule sajini wa kikosi cha 1777," nilisema. "Lile unalotusomea kila mwaka mpaka tunasinzia. Watu sita wa chungu kimoja walikuwa na nini?"

"Chungu kimoja," alianza, maana hawezi kujizuia, "vijiko sita, vikombe sita, visu..."

"Visu vingapi, mwalimu?"

"Vinne."

"Watu sita, visu vinne. Wawili walikuwa wanaazima. Kanuni ya saba, Verlin. Nabisha kwa niaba yako. Utakula chungu chetu, mimi na Nadine, na utaazima cha kwangu."

Ningelikumbuka daftari hilo asubuhi, ningeazima cha Nadine na ghala lisingeona lolote. Hasira ilinisahaulisha, na naishukuru. Verlin alitazama karatasi, akafikiri, akafikiri tena, akafuta ule mstari juu ya jina lake kwa makombo ya mkate, kama walivyofuta zamani, maana hata pale hakuwa tayari kutumia kifutio cha mpira. Ngoma ikalia.

Nilitembea! Maili thelathini nilitembea, goti langu na mimi, nyuma ya kikosi na kikapu kichwani, majani mekundu yanatuangukia, na siku ya pili ilinyesha mvua mpaka sketi ikawa nzito kunishinda, nami nikaimba. Mashati ya watu kumi na wanane niliyafua kijitoni kwa sabuni yangu, wakanuka kama mimi. Na kila tulipokaa kula, Verlin alikuja na tufaha lake au kipande chake cha nyama ya chumvi, akasimama mbele yangu.

"Mama Brubaker, naomba kisu."

"Nini?"

"Naomba kisu, tafadhali."

"Sasa nimesikia."

Alikuwa anakifungua na kukifunga mara mbili kabla ya kukata, kwa ajili ya mlio tu. Nilijifanya sioni.

Jioni ya tatu tulifika kivukoni, tumechafuka, tunachechemea. Verlin alikata tufaha lake la mwisho, kisha akabaki amekitazama kisu, amekunja uso. Akanijia akiwa amekishika kwa mikono miwili.

"Leota, nisamehe. Nimekiharibu."

Nikakichukua. Bapa halikuwa jeupe tena. Lilikuwa limeshika vivuli vya kijivu na bluu, maji ya tufaha, mafuta ya nguruwe, mvua ya siku ya pili; pale katikati lilionekana hasa umbo la kipande cha tufaha, limejichora. Verlin alikuwa ameshatoa tambara na kipande cha tofali mfukoni.

"Weka tofali lako," nilimwambia. "Huo si uharibifu. Hicho kisu sasa kina umri wa siku tatu, na ndivyo siku tatu zinavyoonekana. Usikiguse."

Alirudia kukitazama, safari hii kwa lenzi. Kivuli kwa kivuli, kama alivyoutazama upindo wangu. Kisha akakifunga, tak, akanirudishia, akatoa penseli na karatasi yake.

"Naandika hapa," alisema. "Kisu cha Mama Brubaker, siku tatu. Miaka kumi ijayo nitakikagua upya."

"Miaka kumi! Nitakuwa na sabini na nne, Verlin. Goti hili litakuwa limekwisha."

"Mimi nitakuwa na themanini," alisema, bado anaandika. "Na kisu kitakuwa na miaka kumi na siku tatu. Ukiniletea chenye siku mbili, nitajua."